Mwezi ni mmoja, mbona bahari hujaa mara mbili?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Unguja, pwani ya mashariki, lakini nimeolewa Mwanza. Juzi mwanangu wa darasa la sita alinibana: "Mama, mwalimu anasema bahari hujaa kwa sababu mwezi unavuta maji. Mbona mwezi ni mmoja na maji yanajaa mara mbili kwa siku? Na mbona ziwa letu halijai?" Nikakosa la kusema. Kaka yake naye akadakia kwamba kasoma mahali kuwa mwezi unatukimbia. Naomba msaada kabla hawajanibana tena.

JIBU: Dada yangu, usijilaumu. Swali hilo la mara mbili lilimwangusha hata Galileo, yule Mwitaliano aliyeelekeza darubini angani akaona miezi ya sayari ya Mshtarii. Mwaka 1632 alichapisha hoja kwamba maji ya bahari huyumba kwa sababu dunia inajizungusha na papo hapo inalizunguka jua. Habari za mwezi kuvuta maji alizitupa kando, akaziona ni ushirikina mtupu. Shida ni kwamba hesabu yake ilitoa maji kujaa mara moja tu kwa siku, na mvuvi yeyote wa Venice angemwambia ni mara mbili. Akajitetea kuwa hiyo ya pili inatokana na urefu na kina cha bahari. Kuhusu mwezi alikosea vibaya. Kuhusu urefu na kina nitamrudia, maana hapo hakuwa mbali na ukweli.

Kwanza maelezo ya mwalimu. Si ya uongo, ila yameishia njiani. Mwezi unavuta maji, ndiyo, lakini unavuta pia mwamba ulio chini ya maji, mchanga, minazi, na wewe mwenyewe ukiwa jikoni. Ungekuwa unavuta vyote kwa nguvu ileile, dunia nzima ingesogea kwa pamoja na pwani ingebaki vilevile. Wala hakuna ambaye angejua. Kinachozaa kujaa na kupwa ni tofauti: upande mmoja wa dunia unavutwa zaidi kuliko mwingine.

Tofauti hiyo inapimika. Kutoka kitovu cha dunia hadi mwezini ni wastani wa kilomita 384,400. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371, kwa hiyo bahari iliyo chini ya mwezi iko karibu nao zaidi kwa kiasi hicho, na bahari ya upande wa pili iko mbali zaidi kwa kiasi hichohicho. Nguvu ya uvutano hupungua haraka umbali unapoongezeka. Ukipiga hesabu, maji ya upande wa mwezi yanavutwa kuliko kitovu cha dunia kwa asilimia 3 na kidogo, na maji ya upande wa nyuma yanavutwa pungufu ya kitovu kwa asilimia 3 na kidogo.

Mwambie mwanao awafikirie wakimbiaji watatu kwenye mstari mmoja. Wa mbele ana mbio kuliko wa kati, na wa kati ana mbio kuliko wa nyuma. Wote wanaelekea upande mmoja. Lakini muulize wa kati anaona nini: atakwambia wa mbele anamwacha, na wa nyuma naye anazidi kubaki. Pengo linafunguka huku na huku. Wa mbele ni maji yaliyo chini ya mwezi, wa kati ni dunia yenyewe, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Sisi tunaishi juu ya huyo wa kati, ndiyo maana kwetu maji huonekana kuvimba pande zote mbili: ule unaoutazama mwezi, na ule ulioupa mgongo. Dunia inapojizungusha, kila pwani inapita kwenye nundu zote mbili. Na kwa kuwa mwezi nao haukai pale pale, unasonga mbele kila siku, pwani huufikia tena baada ya saa 24 na dakika 50. Ugawe mara mbili: kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Mama zetu wa pwani hawakuhitaji hesabu hiyo kujua kwamba maji ya kesho yatachelewa.

Najua atauliza: kwani dunia nayo inakimbilia mwezini? Kwa maana fulani, ndiyo. Tumezoea kusema mwezi unaizunguka dunia, lakini kwa kweli vyote viwili vinazunguka nukta moja ya pamoja. Nukta hiyo iko karibu kilomita 4,700 kutoka kitovu cha dunia, yaani ndani ya ardhi hii hii tunayoikanyaga. Dunia inaanguka kuelekea mwezini kila dakika, kama mwezi unavyoanguka kuelekea kwetu, na ni ule mwendo wa ubavuni unaozuia visigongane.

Ukitaka ushahidi kwamba tofauti ndiyo yenye kazi, litazame jua. Jua linaivuta dunia kwa nguvu inayozidi ile ya mwezi karibu mara 180. Ingekuwa ni suala la kuvuta tu, bahari zingelitii jua na kuupuuza mwezi. Lakini jua liko mbali mara 390 kuliko mwezi, na kwa umbali huo upande huu wa dunia na ule wa pili karibu vinalingana. Kwa hiyo katika kujaa na kupwa jua lina nguvu isiyofika hata nusu ya mwezi. Si haba, lakini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vinakuwa kwenye mstari mmoja na kazi zao zinajumlishwa: hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinapingana, na tunapata maji mafu. Bamvua kubwa kuliko zote kwetu huja karibu na Machi na Septemba, jua likiwa juu ya ikweta.

Hadi hapa ndipo vitabu vingi vya shule hufunga mlango, na watoto hubaki na picha ya nundu mbili za maji zikifuatana na mwezi kwa utii. Mimi picha hiyo naikubali kwa siku ya kwanza tu. Ina dosari mbili, na ya pili wewe mwenyewe ulikua ukiiona kila mwezi.

Ya kwanza ni udogo wa nguvu yenyewe. Mwezi ukiwa juu ya utosi wako, mvuto wake wa ziada unakupunguzia uzito kwa sehemu moja tu kati ya milioni 9 hivi. Mtu wa kilo 70 anapungukiwa na chini ya miligramu 10, na tone moja la maji ni zito kuliko hizo. Nguvu ya namna hiyo hainyanyui maji popote. Inachofanya ni kuyaburuza pembeni, kidogo kidogo, kwenye maelfu ya kilomita za bahari kwa wakati mmoja, hadi yakakusanyika. Hata hivyo, dunia ingekuwa bahari tupu yenye maji yanayoufuata mwezi bila kizuizi, yangepanda kama nusu mita tu. Pwani ya Unguja siku za bamvua kubwa, kutoka kupwa hadi kujaa ni mita 4 hivi. Nyingine zimetoka wapi?

Ya pili ni saa. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huwa juu ya utosi kwenye saa sita na kitu. Kama nundu ingekuwa chini ya mwezi, maji yangejaa saa sita usiku na saa sita mchana, na kupwa saa kumi na mbili. Sasa kumbuka kwenu. Bamvua ya mwezi mpevu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Ndiyo maana siku hizo wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huwa mashambani kwao asubuhi, na wanaotafuta pweza wako mwambani na vijiti vyao wakati huohuo. Mwezi umepita zamani, na maji yamefika baada ya muda wa saa nne.

Aliyelitatua hili ni Mfaransa Pierre-Simon Laplace, katika miaka ya 1770. Newton alikwisha kueleza nundu mbili mwaka 1687. Laplace akauliza kama maji yanaweza kweli kuukimbilia mwezi. Hayawezi. Wimbi refu namna ile hutegemea kina cha bahari, na kwa wastani wa kina cha mita 3,700 huenda karibu kilomita 700 kwa saa. Kwenye ikweta, ili nundu ibaki chini ya mwezi, ingepaswa kwenda kama kilomita 1,600 kwa saa. Bahari ingehitaji kina cha zaidi ya kilomita 20 ndipo imudu. Na hata ingemudu, ingegonga Afrika, ikarudi, ikagonga Asia, ikarudi tena.

Kwa hiyo kinachotokea ni kingine. Mwezi na jua vinaisukuma bahari kwa mapigo ya saa 12 na dakika 25 na ya saa 12, na kila bahari inaitikia kwa mwendo wake, kutegemea upana, kina na umbo la kingo zake. Hapo ndipo Galileo alikuwa amenusa kitu. Maji yanayumba, na kwa kuwa dunia inajizungusha, wimbi hilo halisogei mbele na nyuma tu bali linazunguka, likipitia pwani moja baada ya nyingine kulizunguka eneo la katikati ambako usawa wa maji karibu haubadiliki kabisa. Zipo sehemu kama hizo katika bahari zote kuu.

Ukishakubali hilo, vioja vya dunia vinaanza kueleweka. Kule Ghuba ya Tonkin, Vietnam, na sehemu za Ghuba ya Mexico, maji hujaa mara moja tu kwa siku. Tahiti ni kioja zaidi: kisiwa kiko karibu na eneo ambako pigo la mwezi limefifia, basi wanabaki na lile la jua, na maji hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku, leo, kesho na mwaka mzima. Mtoto wa Tahiti angemshangaa mwanao kwa kuuhusisha mwezi na maji. Ghuba ya Fundy, Canada, ina urefu na kina ambavyo maji yake yakisukumwa huyumba kwa mwendo wa saa 13 hivi. Pigo la bahari linakuja karibu na mwendo huohuo, likaongezewa nguvu kila mara, hadi kupanda na kushuka kukafika mita 16. Maldives, katikati ya Bahari ya Hindi hii hii ya kwetu, ni kama mita 1 au pungufu. Na pwani yetu wimbi hufika karibu kwa pamoja, ndiyo maana ratiba za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hazipishani sana.

Niongeze kisa kimoja, maana watoto hupenda vita. Mwaka 55 kabla ya Kristo, Julius Caesar alivuka kwenda Uingereza na jeshi lake. Warumi walikuwa watu wa Mediterania, bahari ambayo mlango wake wa Gibraltar ni mwembamba na maji yake hupanda kidogo sana sehemu nyingi. Wakavuta merikebu ufukweni, nyingine wakazitia nanga, wakalala. Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu. Bamvua ikaja pamoja na dhoruba, ikajaza zilizo ufukweni na kuzipasua zilizo majini. Caesar mwenyewe aliandika kwamba watu wake hawakujua uhusiano wa mwezi na bahari ile. Wakati huo Seleucus, mtaalamu wa nyota aliyefuata elimu ya Babeli, alikuwa ameshauhusisha mwezi na maji takriban miaka 100 nyuma.

Sasa ziwa lenu. Victoria ni kubwa, kilomita za mraba karibu 69,000, lakini mbele ya mwezi ni dimbwi. Kutoka Mwanza hadi Entebbe ni mwendo mrefu kwa meli, ila mvuto wa mwezi katika miji hiyo miwili karibu ni uleule, na bila tofauti hakuna kazi. Ghuba ya Fundy nayo ni ndogo kuliko Victoria, utasema. Kweli, lakini Fundy ina mlango wazi wa bahari kuu, na bahari ndiyo inayoisukuma. Victoria haina mlango wa namna hiyo. Kujaa na kupwa kwake hakuzidi sentimita chache, na upepo wa mchana mmoja unatosha kuzificha sentimita hizo kabisa. Kupanda kwa ziwa mnakokuona nyinyi ni kwa mvua: kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likaingia tena kwenye nyumba za watu.

Lakini usimwache mtoto adhani Mwanza mmesahauliwa. Ardhi yenyewe hujaa na kupwa. Mwamba wa dunia unanyumbuka, na kwenye ikweta mpandashuko huo ni sentimita 30 na zaidi, mara mbili kwa siku. Yale mawe makubwa ya Bismarck, nyumba yako, soko na ziwa lote vinapanda na kushuka kwa pamoja, ndiyo maana hakuna anayeona. Wanafizikia wa kituo cha CERN karibu na Geneva waliona. Katika miaka ya 1990 walikuwa na mtambo wa kurusha chembechembe kwenye njia ya duara ya kilomita 27 chini ya ardhi, na vipimo vyao vikawa vinapotoka kwa mpango uleule kila siku. Ikagundulika kuwa mwezi unalitanua na kulibana duara hilo kwa milimita 1 hivi, wakalazimika kuuingiza mwezi kwenye mahesabu yao.

Nije kwa kaka mtu. Alichosoma ni kweli. Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini vioo vya kurudisha mwanga, na vingine vikafuata, vikiwemo vya Warusi. Miale ya leza ikipigwa kutoka duniani hurudi baada ya sekunde 2 na nusu, na kwa kuipima sana tunajua mwezi unajitenga nasi kwa sentimita 3.8 kwa mwaka. Tangu vioo viwekwe, umekwisha sogea zaidi ya mita 2.

Sababu ni bahari hizi hizi. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku, mwezi unahitaji karibu mwezi mzima kumaliza mzunguko wake. Maji yanayoyumba husuguana na sakafu ya bahari, hasa kwenye maji ya kina kifupi, na msuguano huo ni breki kwa dunia. Mwendo ambao dunia inaupoteza haupotei bure. Mvuto kati ya maji na mwezi unaukabidhi kwa mwezi, nao unapanda kwenye njia ya mbali zaidi. Kwa ujumla siku yetu inarefuka kwa kasi ya chini kidogo ya milisekunde 2 kila miaka 100. Ni kidogo mno, lakini hujilimbikiza. Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo, Wababeli waliandika kwenye kigae cha udongo kwamba jua lilipatwa kabisa wakaona nyota mchana. Ukirudisha hesabu nyuma kwa kudhani siku haijawahi kurefuka, kivuli cha siku hiyo kinapita magharibi ya Mediterania, upande wa Hispania, na Babeli haioni kitu. Kigae hakidanganyi: dunia imechelewa kwa zaidi ya saa 3 tangu wakati huo.

Matumbawe yanakwenda mbali zaidi. Mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu mistari midogo ya ukuaji kwenye visukuku vya matumbawe ya miaka karibu milioni 400 iliyopita, mstari mmoja kwa siku, na kwenye mwaka mmoja akakuta kama 400. Mwaka haukuwa mrefu kuliko wetu. Siku ndizo zilikuwa fupi, saa 22 hivi.

Na hapa pana fumbo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Ukirudisha mwezi nyuma kwa sentimita 3.8 kila mwaka, unaifikia dunia baada ya miaka bilioni 10, na hilo halimsumbui mtu. Lakini mwezi ukiwa karibu, breki huwa kali mno, kwa hiyo zamani ulipaswa kukimbia haraka zaidi. Ukiiweka kanuni hiyo ndani ya hesabu, mwezi unagusana na dunia miaka bilioni 1.5 tu iliyopita. Haiwezekani. Mawe yaliyoletwa kutoka huko yanauonyesha kuwa na umri wa miaka bilioni 4 na nusu hivi. Jibu lililopatikana linarudi kwenye umbo la bahari: mabara ya leo yamekaa kwa namna ambayo bahari, hasa Atlantiki, inaitikia pigo la mwezi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Zamani mabara yalikuwa yamekaa vingine, bahari ikawa goigoi, breki ikalegea. Sisi tumetokea kuishi wakati ambao mwezi unakimbia kuliko kawaida yake. Historia kamili ya safari hiyo, bahari kwa bahari, watafiti bado wanaishona.

Wala kaka mtu asihofu kuachwa. Mwezi hautatoroka. Mambo yakiachwa yaendelee bila usumbufu, mwishowe dunia ingejizungusha kwa muda uleule ambao mwezi unauhitaji kuizunguka, siku moja ikawa na urefu wa kama siku 47 za leo, na hapo kusogea kungekoma. Ila kufika huko kunahitaji makumi ya mabilioni ya miaka, na jua lenyewe limebakiwa na bilioni 5 hivi. Hata kabla ya hapo, katika miaka bilioni 1 ijayo au zaidi kidogo, jua litakuwa limeongezeka ukali kiasi cha kuzikausha bahari, na bahari zikikauka, breki karibu yote itakuwa imekwenda nazo.